Nati ya Baiskeli

Nimezima friji ili nisikie.
Maziwa yatavumilia saa moja.
Diski imeletwa na posta, bahasha ya kaki,
mwandiko wa Zelma umelala upande mmoja
kama watu wa Liepāja wanavyotembea Januari,
upepo wa Baltiki ukiwasukuma ubavuni.

Miaka arobaini na miwili nimeipatanisha piano ile
ya shule ya muziki, sikio mbele, mgongo nyuma,
nyuzi mia mbili na thelathini,
na kila uzi una kinyongo chake.

Kisha akaja yeye na mfuko wa plastiki.
Skrubu. Vibanio vya nguo. Raba za kufutia
zilizotafunwa na watoto wa darasa la tatu.
Kipande cha kofia ya sufu.
Akainua kifuniko, akaanza kuvichomeka kati ya nyuzi,
kimoja, kingine, bila haraka,
kama mtu anayepanda vitunguu.

Nikasema, "Mama, hilo si kabati la jikoni."
Akasema, "Najua. Una nini mfukoni?"

Nilikuwa na nati ya baiskeli yangu.
Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa.
Usiku ule nilirudi kwa miguu, baiskeli mkononi,
gurudumu la nyuma likiyumba kama mlevi wa Jumamosi.

Walirekodi siku tisa. Guntars, kijana wa maikrofoni,
alifunga mabomba ya joto kwa sababu yanagugumia,
tukakaa na makoti, pumzi zetu zikionekana.
Kila jioni niliitwa kukagua kama nyuzi ziko salama.
Kila jioni nilizikuta salama,
na hilo ndilo lililoniudhi.

Sasa kipande cha kwanza:
vijiko vinaoshwa chumba cha pili.
Cha pili: mtu anapanda ngazi za mbao,
akifika juu hakuna mlango.
Sikukipenda. Naliweka wazi hilo,
asije akadhani nazeeka kwa sifa.

Cha tatu kinaanza na uzi ninaoujua.
Fa ya chini, kibao cha tisa kutoka kushoto.
Uzi ule una kifua kibovu.
Nimeubadilisha mara nne, nimeubembeleza, nimeutukana,
bado unakoroma.
Kabla ya kila tamasha nilimfuata mpigaji
nikamwomba radhi, kofia mkononi.

Zelma ameutundikia nati yangu.

Anaupiga mara moja. Anangoja.
Mkoromo unapanda juu ya chuma, chuma kinaujibu,
na katikati yao inatokea sauti ya tatu
ambayo hakuna fundi aliyeipima:
treni ya mizigo, mbali, ikikata kona bandarini,
hujui bado kama ni treni
au ni damu yako mwenyewe sikioni.
Anaupiga tena.
Dakika kumi na moja. Uzi mmoja.

Na mimi, miaka yote ile,
nilikuwa kama baba wa mtoto mwenye kigugumizi,
anayewahi kummalizia sentensi
mbele ya wageni.

Mwishoni, kabla sauti haijatua, mlango unalia,
na mzee mmoja anauliza kwa ukali,
"Bado tu hamjamaliza?"
Hawakuikata.
Nimeirudisha nyuma mara mbili kuhakikisha.
Ni mimi, na viatu vyangu vyenye theluji.

Kwenye jalada, kwa herufi za kuumiza macho,
wameorodhesha vitu vyote: skrubu kumi na saba,
raba sita, sufu, vibanio,
*nati moja, mali ya fundi Eižens Dzenis, itarudishwa.*
Haijarudishwa.
Nimekwisha nunua nyingine, na hiyo mpya inalegea.

Nimewasha friji.
Inavuma soli, imepanda kidogo, kidogo sana,
mtu mwingine asingeona.
Mkono umekwenda wenyewe kwenye ufunguo wa kazi.
Nimeuambia ukae.